Tupeane uzoefu: kusi imekaza, kazi zimelala. Akili yako unaitunza vipi?

bin_Langoni

Assalaam alaikum wana Amu (Lamu), wana Malindi, na wote mlioko kati. Kusi, upepo wetu wa kusini, ndiyo hiyo imeanza kukaza. Hadi Agosti mashua ndogo hazitatoka nje ya miamba ila siku mojamoja, hoteli kadhaa za Malindi na Watamu zimefunga tangu msimu wa mvua, vijana wa kutembeza wageni wako barazani tangu asubuhi, na nyumbani kila mtu anahesabu. Kila mwaka miezi hii watu hukonda, hukosa usingizi, hugombana bila sababu, na wengine huugua kabisa huku sisi tukisema "ni mawazo tu, yatapita".

Nafungua uzi huu tupeane mbinu. Mawaidha tunayapata msikitini na kanisani, alhamdulillah. Hapa tunataka namna ya kufanya: saa ngapi, kiasi gani, unaanza wapi, watu hukwama wapi. Anayelijua jambo moja vizuri aandike hilo moja. Na visa vya jirani tusivilete, miji yetu ni midogo.

Mkesha_Mkomani

Wa alaikum salaam. Naanza na usingizi, kwa sababu ukiharibika huo hakuna kitakachosimama. Mtu aliyekesha siku nne huliona deni la elfu tatu kama la laki tatu.

Wengi huanza kwa kuitengeneza saa ya kulala. Hapo ndipo wanapopotea, maana usingizi hauamrishwi. Kinachoamrishika ni saa ya kuamka. Sisi tuko karibu na ikweta, jua halibadilishi saa yake ya kuchomoza hata kwa saa nzima mwaka mzima, kwa hivyo kazi ni rahisi: chagua saa maalumu, iwe ya alfajiri, uishike siku saba za wiki hata kama ulilala saa tisa usiku. Ukishaamka toka nje kwenye mwanga nusu saa. Mwanga wa asubuhi ndio unaoupangia mwili saa ya kusinzia jioni. Anayefidia kwa kulala hadi adhuhuri ameuchukua usingizi wa usiku unaokuja akautumia mapema.

Pili, kahawa. Najua nagusa pabaya. Nusu ya nguvu ya kahawa hubaki mwilini baada ya saa tano au sita hivi. Vikombe viwili vitatu vya kahawa chungu barazani saa mbili usiku maana yake saa nane usiku ule ungalinacho kikombe kizima kinakimbia kwenye damu. Kahawa ya mwisho iwe adhuhuri. Baraza usiiache, hiyo ina faida zake, badilisha kinywaji tu: tangawizi isiyo na majani ya chai, au maji.

Tatu, kitanda. Ukilala chali ukahisi kama dakika 20 zimepita na macho makavu, ondoka. Usitazame saa, kadiria tu. Kaa kwenye kiti, taa hafifu, fanya jambo la kuchosha, rudi pale macho yanapozidiwa. Ukikesha kitandani kila siku ukiwaza, mwili hujifunza kwamba kitanda ni mahali pa kuwaza. Simu ilale nje ya chandarua, tena mbali, si chini ya mto.

Kailula ya mchana si mbaya, lakini dakika 20 hadi 30, kabla ya alasiri. Ukizidisha hapo umeula usiku.

Kama tatizo limezidi mwezi, kuna dawa kali kidogo. Hesabu saa unazolala kweli, tuseme tano. Basi kaa kitandani saa tano u nusu tu: ingia saa tano na nusu usiku, toka saa kumi na moja alfajiri. Siku za mwanzo utasinzia mchana, vumilia. Ukianza kulala bila kukatika, ongeza dakika 15 kila wiki. Watu huacha siku ya nne, ndiyo ngumu kuliko zote. Tahadhari: mwenye kifafa, mwenye maradhi ya akili kupanda na kushuka, na mwenye kuendesha boda au boti wasilijaribu hili bila mhudumu wa afya.

mtoto_wa_Maweni

Mzee umeongea kahawa, miraa umeiruka makusudi?

Mkesha_Mkomani

Nimewaachia wenyewe, nisitolewe barazani.

Asiyetafuna

Acha niseme mimi basi, bila kumtukana mtu. Kiini cha miraa na muguka ni kathinoni, na huvunda haraka jani likishachumwa. Ndiyo maana magari ya kutoka Meru na Embu yanakimbia vile na mzigo umefungwa kwa majani ya mgomba. Ikiingia, moyo unaenda mbio, njaa inakufa, maneno yanakuja, usingizi unakaa mbali kwa saa nyingi. Ikitoka, siku ya pili mtu ni mzito, ana hasira, kila kitu hakina maana. Sasa weka hiyo juu ya mwezi usio na pesa. Mtu anatafuna ili asahau dhiki, asubuhi dhiki imekuja na ndugu yake. Mwaka 2024 magavana wa Mombasa na Kilifi walipiga marufuku muguka, mahakama ikasimamisha. Kwa hivyo kizuizi cha kweli ni cha mtu mwenyewe.

Kupunguza: kwanza sogeza saa, usiguse kiasi. Kama unaanza saa kumi jioni, anza saa saba mchana na umalize alasiri. Wiki moja hivyo. Kisha kata kiasi nusu. Kula kabla, chakula cha kweli, si biskuti. Maji, siyo soda, kwa sababu sukari na soda ndizo zinazofanya mtu asiione njaa yake. Ukiacha kabisa tegemea siku kadhaa za uchovu, kulala mno, ndoto za ajabu na ukali kwa watu wa nyumbani. Waambie mapema, wasidhani umekasirikia wao. Hupita.

Kinachoua zaidi si jani. Ni lile jambo la kumeza vidonge vya kulala, bugizi na jamaa zake, ili kuishusha handasi, ule mchangamko wa miraa. Vidonge hivyo pamoja na pombe au unga (heroini) huzima pumzi. Na aliyevizoea asiviache ghafla, degedege humpata mtu mzima. Vipunguzwe na daktari, kidogo kidogo.

Aliyefika kwenye unga, Malindi kuna kliniki ya methadoni hospitali ya serikali tangu 2015. Dawa hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Nambari ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, bure.

Karani_wa_Chama

Kutoka Malindi. Nataka kusema juu ya deni, kwa sababu naona mnaitibu akili na kichomi kiko mfukoni.

Deni linalozunguka kichwani halina umbo, ndiyo maana linakua. Litoe. Chukua karatasi ya daftari, piga safu nne: nani, kiasi gani, mwisho lini, na kitatokea nini nisipolipa. Mfano: mwenye nyumba 6,000, duka 2,300, mkopo wa simu 4,500, ada ya shule 7,000, binamu 3,000. Jumla 22,800. Watu huogopa kujumlisha. Mara nyingi jumla huwa chini ya ile ya kichwani, na hata ikiwa juu, sasa ina mwisho.

Kisha usipange kwa ukubwa wala kwa anayepiga kelele zaidi. Panga kwa safu ya nne. Nani anaweza kukutoa nje au kumrudisha mtoto nyumbani? Huyo wa kwanza. Binamu atanuna, lakini atangoja. Mwenye simu anapiga kelele kuliko wote, lakini toka 2022 kanuni za Benki Kuu haziruhusu wakopeshaji wa mtandao kutukana mtu, kumtisha, au kuwapigia watu walio kwenye simu yake ili kumwaibisha. Hifadhi ujumbe wao, ni ushahidi.

Nenda kwa mdai kabla ya tarehe, si baada. Maneno yawe mafupi: "Bwana, deni lako 2,300 nalijua. Kusi hii sina zaidi ya mia tatu kwa wiki. Jumamosi nitaleta ya kwanza." Usieleze maisha yako yote, na usiahidi mia tano wakati una mia tatu. Ahadi ya pili ikivunjika ndiyo inayomfanya mtu apite njia ya nyuma akwepe duka, kisha akwepe baraza, kisha msikiti. Hapo sasa deni limekuwa ugonjwa.

Na usikope kwa simu kulipia simu. Sitasema zaidi hapo.

Kwa shida zisizo za pesa njia ni hiyohiyo, ndiyo wanayofundisha Shirika la Afya Duniani katika mpango wao wa vikao vitano uliowahi kujaribiwa Nairobi: gawanya karatasi kati, upande mmoja yanayotatulika na upande wa pili yasiyo mkononi mwako. Upepo uandike upande wa pili. Chukua moja la upande wa kwanza, andika njia zote hata za kipuuzi, teua moja, lipangie siku na saa. Mawazo ya upande wa pili yape muda wake: dakika 20 baada ya alasiri, kaa uyawaze kwa nguvu zote. Yakija saa sita usiku yaambie yangoje. Wiki ya kwanza hayatasikia, ya pili huanza kusikia.

fundi_Matondoni

Nami niongeze juu ya mikono. Mwenye huzuni hungoja moyo upende ndipo afanye. Hautapenda. Maradhi haya yanakula hamu kwanza, basi kitendo kitangulie, hamu itafuata nyuma kama mtoto.

Kusi ndio wakati wa kupandisha chombo, kutia kalafati, kushona nyavu, kusuka malema. Lakini aliyelemewa usimwambie "kashone wavu ule". Wavu mzima ni mlima. Mwambie pima moja (urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa) kabla ya adhuhuri, basi. Akizidisha ni lake, akiishia pima moja kazi imekamilika. Kosa kubwa ni siku ya kwanza mtu kupanga kumi, akafanya tatu, akajiita mvivu, kesho hatoki kitandani.

Kila siku vitu vitatu vidogo: kimoja cha mwili, kimoja cha mikono, kimoja cha watu. Cha mwili kiwe kutembea nusu saa kwa mwendo wa kuhema kidogo, siku tano kwa wiki. Kwa walio Amu, mjini hadi Shela kwa miguu ni kiasi cha dakika arobaini na tano. Angalia bamvua, maji yakijaa sehemu ya njia humezwa, utarudi umelowa na ghadhabu juu. Cha watu si lazima kuongea sana. Kumpelekea mama samaki wawili kunatosha.

Kabla ya jambo jipe alama ya moyo, sifuri hadi kumi, na baada yake tena. Iandike. Mwenye huzuni akili yake humwambia hakuna kilichomsaidia; karatasi humsuta.

Binti_Barani

Kaka zangu mmejaza baraza, na wanawake je? Mume akikaa nyumbani miezi mitatu bila kazi, mzigo wa nani umeongezeka?

Nitazungumza la wazazi, yaani wanawake waliojifungua, kwa sababu ndilo linalofichwa. Mama akijifungua, kulialia siku ya tatu hadi ya kumi ni kawaida, mwili unabadilika. Likipita wiki mbili na bado analia, hamtaki mtoto au anamwogopa, hawezi kulala hata mtoto akilala, hilo si deko wala si husuda. Na arubaini yetu, pamoja na uzuri wake wa kukandwa na kupikiwa, hulificha: mama yuko ndani, wageni wanamtazama mtoto. Kwa hivyo kungwi au mama yake mzazi aulize akiwa peke yake naye, mlango umefungwa: "Unalala? Unakula? Kuna wakati unatamani usingekuwepo?" Usiulize mbele ya mawifi, atasema hajambo.

Siku za chanjo ni wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mama yuko kliniki tayari, hahitaji ruhusa ya mtu. Hapo ndipo amwambie nesi. Dawa zipo anazoweza kutumia huku akinyonyesha, kwa hivyo asikae na ugonjwa kwa kuogopa maziwa.

Anayepigwa nyumbani, nambari ni 1195, bure. Na mwenye eda: waombolezaji hujaa siku tatu, kisha ua unabaki mtupu kwa miezi minne na siku kumi. Gawaneni wiki, huyu Jumatatu, yule Alhamisi, na mkija mumtaje marehemu kwa jina. Watu hukwepa jina wakidhani wanamhifadhi, na yeye ndilo anangoja kulisikia.

Muuguzi_wa_Zahanati

Shukran dada. Mimi niseme mpaka uko wapi kati ya dhiki na ugonjwa.

Kipimo tunachotumia kina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: hamu ya mambo, huzuni, usingizi, nguvu, kula, kujiona hufai, kutulia akili, mwendo kuwa mzito au kutotulia, na mawazo ya kufa. Kila swali ni sifuri (haikutokea) hadi tatu (karibu kila siku). Jumla hufika 27. Ukipata 10 au zaidi njoo, usingoje kusi ipite. Swali la tisa likiwa na alama yoyote juu ya sifuri, njoo leo hata kama jumla ni nne.

Tutapima na mwili pia. Upungufu wa damu, tezi ya shingo na sukari huweza kujifanya huzuni. Na jambo hili lishikeni sana: mtu mzima aliyebadilika ghafla, anaongea ovyo na ana homa, hilo ni la hospitali saa hiyohiyo, inaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo. Kuchelewa siku mbili kwa kutafuta jini gani limempanda kumewagharimu watu.

Sisemi kombe, yale maandishi ya aya yanayooshwa yakanywewa, liachwe. Zafarani na maji ya waridi hayagombani na vidonge vyetu. Shida ni mizizi ya kunywa isiyojulikana, na kuambiwa "acha za hospitali kwanza". Mwalimu wa kweli hatakuachisha dawa.

Vidonge vya huzuni, kama fluoksetini na amitriptilini, havifanyi kazi kama panadoli. Wiki mbili hadi nne ndipo uone mabadiliko. Wiki ya kwanza unaweza kupata kichefuchefu, kinywa kikavu, kusinzia, na hapo ndipo wengi wanavitupa: wamepata ubaya wote wakakimbia uzuri haujafika. Ukipona endelea miezi sita au zaidi, kisha daktari avipunguze polepole. Usimgawie dada yako kwa sababu "naye ana mawazo". Amitriptilini ikizidishwa ni sumu ya moyo, basi ishikwe na mtu mwingine nyumbani, itolewe ya wiki moja moja.

Aliyejisajili SHA (bima ya afya ya serikali) huduma ya zahanati na kituo cha afya hailipiwi.

mtoto_wa_Maweni

Naomba kuuliza bila utani. Rafiki anasema "afadhali nife" na anacheka. Unafanya nini?

Muuguzi_wa_Zahanati

Mdogo wangu, muulize wazi: "Unafikiria kujiua?" Swali halimpandikizii wazo, aliye nalo hupata nafuu ya kulitua. Akisema ndiyo, uliza kama amepanga vipi na lini. Mwenye mpango na siku haachwi peke yake hata kwenda chooni kwa muda mrefu. Toeni nyumbani dawa za shamba, za panya, na vidonge vilivyobaki. Usimwapishe, usimwambie ni dhambi usiku ule; analijua, na huenda ndilo lililomfunga mdomo. Mpeleke hospitali yoyote yenye daktari wa zamu, au piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, bure, mpige pamoja. Watu walikuwa wakiogopa polisi, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa kinakwenda kinyume na Katiba. Mgonjwa ni mgonjwa.

Akitoka hospitali, wiki za kwanza ndizo za hatari, si wakati wa kupumua. Mtembelee siku ya pili, ya saba, na kila wiki baada ya hapo.

Nahodha_Faza

Na sisi wa visiwa vya juu? Kliniki ya akili iko Amu, boti inangoja maji yajae ipite mlango wa bahari wa Mkanda, na kusi hii Kiunga siku nyingine hakutoki chombo.

Muuguzi_wa_Zahanati

Nahodha, kwenu mpangilio ni mwingine. Tarehe ya kliniki ilinganishwe na maji: mwambie nesi akupe siku ambayo maji hujaa asubuhi, ufike, uonwe, urudi. Dawa ziombwe za miezi miwili kabla ya Mei, na chupa ikibaki na za siku kumi ndipo uanze safari, si ikibaki na mbili. Nje ya hapo mpigie mhudumu wa afya wa jamii wa kijiji chako, anaweza kuletewa dawa kwenye hospitali ya Faza kwa boti inayokuja na mzigo, mradi kadi ya mgonjwa itangulie. Piga picha ya kadi pande zote mbili, jina la dawa na nguvu yake visomeke, uitume leo kabla hamjahitaji.